Mashine ya Pili

Mota iliyoungua ina harufu yake, na ukishainusa mara moja hutaisahau: vanishi iliyokaangika, karatasi iliyobabuka, na nyuma yake kitu chenye utamu kidogo, kama sukari iliyosahauliwa sufuriani. Harufu hiyo ndiyo iliyonipokea asubuhi moja ya Novemba mlangoni kwa fundi wa kusuka mota mjini Likasi, Katanga, kusini mwa Kongo. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, njia imegeuka tope jekundu, nami nilikwenda nimeinamisha kichwa. Mota iliyokuwa juu ya meza, mfuniko umevuliwa, ilitoka kwenye mashine ya kusaga mahindi, mulini kama wanavyoiita hapa. Kilichoiua ni kisanduku nilichokiunda mimi kwa ajili ya kuilinda.

Mzee hakunigombeza. Alichukua tochi, akanivuta bega, akamulika ndani. Makundi ya koili yalizunguka tumbo la mota kwa mpangilio ambao hata kipofu wa umeme angeuona: mawili meusi tititi, moja lingali na rangi ya asali, mawili meusi, moja la asali, hivyo hivyo mpaka duara likafunga.

"Unaona? Kama mzigo njo ulizidi, zote zingeungula sawasawa. Hapa fazi moja ilikatika. Mbili zikabakia zinabeba kazi ya tatu."

"Njo" ni "ndio" ya Katanga. Msomaji wa Dar au Mombasa ataizoea kabla sura haijaisha.

Umeme wa mashine kubwa huja kwa nyaya tatu. Mota ikishaanza kuzunguka, uzi mmoja ukikatika haisimami. Inaendelea kwa ukaidi, sauti imekuwa nzito, ikivuta mkondo mkubwa kupita kiasi kwenye nyaya mbili zilizobaki, mpaka vanishi inayozitenganisha inalainika na shaba inagusana na shaba. Dakika chache zinatosha. Katika mji ambao radi za masika huangusha nyaya, na fyuzi za nguzoni huungua moja moja, hiki ndicho kifo cha kawaida cha mota. Kwa mwenye mulini ni msiba kamili, kwa sababu mama aliyekuja na ndoo yake ya mahindi hatangoja wiki nzima apate unga wa bukari, yaani ugali. Atakwenda mulini ya jirani, na huenda asirudi.

Mimi na vijana wawili waliosomea umeme tuliona hapo pana kazi. Tukaunda kisanduku chenye chipu ndogo inayopima fazi zote tatu. Moja ikipotea, chipu inaamuru rilei ikate umeme kabla mota haijapata joto. Cha kwanza tulikifunga mwanzoni mwa kiangazi. Kilifanya kazi miezi mitano bila kosa, kikaiokoa mota mara tatu kwa hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu yake. Tulipiga nacho picha. Wenye mulini wengine wakaja wenyewe kuuliza bei, tukatengeneza kumi zaidi. Cha kwanza kati ya hivyo kumi kupatwa na dhoruba ndicho kilichotuumbua.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Ndani yake vipande viwili vidogo vya madini hugusana na kuachana. Vikiachana huku mkondo ungalipo, cheche huruka katikati, na cheche ni uchomeleaji mdogo. Rilei ya kisanduku cha kwanza tulikuwa tumeing'oa kwenye kabati la zamani la mitambo, chuma cha enzi ambayo vitu vilitengenezwa vizito. Zile kumi zilinunuliwa kwa muuzaji wa mjini ambaye sitamtaja, zikiwa na maandishi yaleyale na namba zilezile ubavuni. Tulipopasua ile iliyotuponza, vile vipande vya ndani vilikuwa vyembamba kama ganda la dawa, na vimeungana kabisa. Chipu iliiona hitilafu. Ilitoa amri ndani ya nusu sekunde. Taa nyekundu ikawaka kwa uaminifu wote, ikabaki inawaka, huku mota inaungua.

Kosa letu lilikuwa nini hasa? Programu ilikuwa sahihi, na mchoro pia, kwa kiasi chake. Tulichokuwa hatujui ni kwamba kisanduku cha kwanza kilibebwa na kipande kimoja ambacho hakikuwa kwenye mchoro: ubora wa rilei kuukuu. Mashine ya kwanza huwa na bahati ndani yake. Huundwa na mikono ya aliyeiota, kwa vipande alivyovichagua kimoja kimoja, naye yupo pembeni kuisikiliza ikikohoa. Mashine ya pili haina mtu huyo. Inategemea muuzaji, mvua, mchukuzi, na kijana wa mulini anayetundika koti lake kwenye kisanduku kwa sababu kina joto.

Anayeandika programu akikosea hurekebisha usiku, na asubuhi kila mtumiaji ameshapata toleo jipya. Sisi tulikuwa na visanduku tisa vilivyofungwa kwa skrubu kwenye kuta za watu tisa, kuanzia Kikula hadi nje kabisa ya mji, na pikipiki moja ya kukodi.

Historia ya ufundi wa Afrika Mashariki na Kati imejaa mashine za kwanza. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya. Walilitengeneza. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalitembea mbele ya umma, matano, na mwendo wake uliheshimika. La sita halikuja. Shirika liliundwa, mipango ya kiwanda ikachorwa, lakini fedha za kutoka tano hadi maelfu hazikupatikana. Watu hulikumbuka gari hilo kwa kejeli, nami naona wanakosea pa kuchekea. Kutengeneza magari matano ni kazi ya wahandisi, nao waliimaliza. Kilichokuwa kimebaki ni kazi ya nchi nzima: viwanda vya beringi, vya mpira, vya vioo, vya waya, kila kimoja kikimuuzia mwenzake.

Kinshasa nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, na chama cha wahandisi wanawake alichokianzisha, Women Technology, walisimamisha barabarani roboti za kuongoza magari: miili ya alumini yenye urefu unaokaribia mita 2 na nusu, paneli ya jua juu, kamera, kifua kinachozunguka na mikono inayokunjuka kusimamisha upande mmoja na kuruhusu mwingine. Mwaka 2015 zikaongezwa tatu, zikapewa majina kama watu: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Bei ya moja ilitajwa kuwa dola 27,500. (Jina la mama huyo hunifurahisha kila nikiliandika. Katika misafara ya karne ya 19, kirongozi ndiye aliyetangulia mbele kabisa na bendera, akitafuta njia.) Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu madereva wanaomtii roboti kuliko polisi. Fundi akizitazama anaona jambo jingine. Anaona mikono iliyo juani mchana na mvuani jioni, kila kiungo na beringi yake, kila beringi na mpira wake wa kuzuia maji, na vumbi la barabara likitua juu ya paneli tangu Mei hadi Septemba. Anahesabu ni vipande vingapi vya roboti hiyo vinaweza kupatikana upya ndani ya siku moja, kwa kutembea kwa miguu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoitumia siku hizi kupima ugumu wa kuunda kitu chochote: kutoka kosa hadi marekebisho ni mwendo gani? Aliye Shenzhen, kusini mwa Uchina, akigundua rilei zake ni mbovu hushuka ngazi, huenda soko la Huaqiangbei, na kabla ya chakula cha mchana ameshalinganisha za wauzaji kumi. Akikosea tena, alasiri iko. Kwa siku moja amejifunza ambayo sisi tutajifunza kwa miezi mitatu, wala si kwa sababu ana akili kutuzidi. Verone Mankou wa Brazzaville alilielewa hilo mapema; simu yake ya Elikia, iliyotoka mwaka 2012, ilibuniwa kando ya mto Kongo na kuunganishwa Uchina. Waliomsuta kwa hilo sidhani kama wamewahi kutafuta skrubu ya milimita moja na nusu mjini kwao.

Kwa Likasi mwendo huo una jina: Kasumbalesa. Mzigo unaoshushwa bandari ya Dar es Salaam unapita Tunduma, unaikata Zambia hadi Kapiri Mposhi, unapinda kaskazini, na kuungana na msururu wa malori mpakani, kisha Lubumbashi, kisha kilomita nyingine 120. Ni zaidi ya kilomita 2,000. Hiyo ni njia nzuri kwa kontena zima la mabati. Kwa bahasha ya rilei kumi na mbili haifai kabisa, kwa hiyo bahasha hupanda ndege, na gharama ya safari inazidi thamani ya kilichomo. Unaagiza mara moja, unaagiza nyingi, na unaomba Mungu ziwe ndizo.

Betri ndiyo kichekesho chenyewe. Kisanduku chetu kilihitaji betri ndogo ya lithiamu, ili kiweze kutuma ujumbe umeme ukikatika kabisa. Tangu Aprili 2016, kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri za aina hiyo kusafirishwa peke yake kama mzigo ndani ya ndege za abiria, kwa sababu ya hatari ya moto. Kwa hiyo zikaja polepole. Nilizisubiri wiki saba katika mkoa ambao barabara yake kuu inatetemeka mchana na usiku kwa malori ya kobalti. Kiasi cha asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchi hii, na sehemu kubwa inaishia ndani ya betri.

Lakini nisiiseme Likasi kana kwamba ilikuwa hivi siku zote.

Mji huu, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Jadotville, ulikuwa mahali pa kutengeneza vitu. Mwaka 1929 kampuni ya migodi ya Union Minière ilifungua kiwanda cha Shituru, ambamo shaba huyeyushwa kwa asidi na kuvutwa kwa umeme hadi iwe safi. Kitu kimoja kikavuta kingine. Ili upate shaba safi unahitaji umeme mwingi. Mwaka 1930 maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yakafungwa turbini. Turbini inahitaji vipuri. Asidi inakula pampu. Pampu zinahitaji kusubiwa upya. Hivyo zikakua karakana kuu za Panda, zenye tanuri za kusubu vyuma na safu za mashine za kukereza. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines, karakana zilibaki moyo wa kazi. Kipande kikivunjika mgodini, mchoro ulikwenda Panda na kipande kilirudi.

Wazee wa Likasi wanapolieleza hilo sauti zao hubadilika. Mkereza mmoja mstaafu alinionyesha kwa vidole viwili, karibu vigusane, unene wa unywele, akasema huo ndio uliokuwa mpaka wa kosa; ukiuvuka, kipande kinarudi tanurini na jina lako linaandikwa ubaoni. Hakukuwa na haja ya kuagiza beringi nzima kama kiti chake ndicho kilicholika. Walikijaza chuma, wakakikereza upya.

Kisha vikaja vyote kwa pamoja. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba; mwaka 1994 hazikufika 35,000. Katikati hapo mgodi wa Kamoto uliporomoka, Septemba 1990. Mwaka uliofuata miji ikaporwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na stesheni ya reli ya Likasi ikajaa maelfu ya familia zilizolala nje miezi kwa miezi zikisubiri treni. Wengi walikufa hapo. Kati ya waliopanda treni hizo walikuwamo makarani, walimu, na wakereza wa Panda. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka, mpango ulioitwa wa hiari. Mchoro unaweza kubaki kabatini. Ule unene wa unywele uliondoka na vidole vyake.

Watu hapa walisema kazi njo baba, njo mama. Kampuni ilitoa nyumba, unga, hospitali, shule, hata mpira wa Jumapili. Nikiulizwa, ubaya ulianzia humo humo kwenye wema. Karakana ya Panda ilikuwa na mteja mmoja, na mteja huyo ndiye mwenye karakana. Nje ya ukuta wake hapakukua karakana ndogo ishirini za kuuziana vipande, kama migomba inavyochipuza kuzunguka mama yake. Baba alipoanguka, ukabaki uwanja mtupu, na humo, hapa na pale, mtu mmoja mmoja aliyebeba nyumbani mikono yake na kiboksi cha vifaa.

Yule mzee wa mota ni mmoja wao. Siku ya pili nilimkuta ameshakata koili zote kwa patasi na kuzichoma zitoke. Waya mkongwe, mweusi, aliuweka kwenye mizani ya kupimia samaki na kuandika uzito wake ukutani kwa chaki, ili ajue kiasi cha kurudisha. Alihesabu mizunguko ya koili moja kwa kuigusa kwa ukucha, uzi kwa uzi, midomo inacheza. Alipima unene wa waya kwa kile wanachokiita palmeri, kipimo cha skrubu kilichochakaa mpaka namba zake zinasomwa kwa kuinamishwa kwenye mwanga. Kisha akachana karatasi ya kuhami kwa makasi na kukunja kingo zake kwa kidole gumba, vipande 36, kila kimoja kwa mfereji wake. Hakukuwa na kipande kilichopita kingine kwa urefu.

Waya mpya ulikuwa kwenye kigurudumu cha plastiki, unang'aa. Niligeuza lebo: Uchina.

"Papa, waya huu unaununua wapi?"

"Lubumbashi. Lakini mukuba ni ya kwetu hii," alisema, akimaanisha shaba, bila kuinua macho. "Ilienda kutembea kule. Sasa inarudia na bei yake."

Kutoka mlangoni kwake unaweza kuelekeza kidole upande wa Shituru. Na kaskazini, safari fupi ya gari, iko Bunkeya, mji wa Mfalme Msiri, ambako kabla ya Wabelgiji kufika na kumuua Desemba 1891, mafundi wa Kiyeke walikuwa wakivuta shaba kupitia matundu ya chuma, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka iwe uzi mwembamba wa kusukia bangili. Kuvuta waya hakukuwa siri iliyoletwa na mzungu. Sikumwambia mzee hayo. Bila shaka aliyajua kabla yangu, na alikuwa anahesabu.

Siku ya tatu alinidai kisanduku. Alikifungua, akaitazama rilei yetu nyembamba, akaitazama tena kwa jicho moja kama mtu anayechungulia yai. Hakuuliza chochote kuhusu chipu. Alikwenda pembeni, akafukua lundo la chuma chini ya turubai, akatoka na kontakta ndogo ya Gécamines, rilei ya mizigo mizito, mafuta yamegandia juu yake kama lami. Aliifuta kwa kitambaa chenye petroli, akaibonyeza kwa kidole ili nisikie mlio wake. Wazo lake lilikuwa jepesi mpaka nikaona haya. Rilei yetu isiguse tena mzigo wowote mkubwa. Iiamuru hii ndogo tu, na hii ndogo, yenye vipande vinene vya fedha, ndiyo ibebe cheche. Juu ya koili yake akafunga kapasita na rizista kupunguza nguvu ya cheche, kitu ambacho kimo katika kila kitabu cha umeme na ambacho sisi tulikiruka kwa kuwa kisanduku cha kwanza hakikukihitaji.

"Na tukiikosa hii kontakta?" nikauliza. Lundo lake lilikuwa na nne tu.

"Mutafuta ingine yenye kufanana. Ndiyo sababu usibane matundu. Acha nafasi."

Tulibomoa kisanduku na kukiundia kikubwa zaidi, cha bati, chenye nafasi ya kontakta za aina tatu tofauti. Hakikuwa kizuri. Vijana wangu, waliokuwa wametumia wiki mbili kuchora kile cha plastiki chenye pembe za mviringo, walinyamaza muda mrefu.

Vanishi ilipokauka tuliifunga mota kwenye benchi na kuiwasha. Ikanguruma kwa wepesi. Mzee aliweka kiganja juu yake, akangoja dakika kadhaa, akatikisa kichwa kukubali, kisha akanyoosha mkono kwenye ubao wa umeme na kung'oa fyuzi moja huku mota inazunguka. Tak. Kimya. Alirudisha fyuzi, akawasha, akang'oa ya pili. Tak. Ya tatu. Aliendelea hivyo mpaka nikapoteza hesabu, na kila mara alingoja mota isimame kabisa kabla ya kuanza upya, kama aliyetaka kuichosha ile rilei makusudi. Nje watu wawili waliokuja na pampu zao walikaa kwenye mbao kusubiri, wakitazama.

Mwishowe alizima, akafuta mikono, akatazama begi langu.

"Hii sasa iko muzuri, mutoto yangu. Na zile zingine kenda ziko wapi?"